Nepi za kufua kwenye fleti ghorofa ya nne, maji ya kununua, yawezekana kweli?

MamaNasri_Mtopanga

Asalam aleikum na hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu waliofanya wenyewe si wa kusikia, maana nikiuliza huku kwetu kila mtu aniambia niwachane na hayo mambo, nepi za kufua ni za watu wa nyumba za chini wenye ua na kamba ndefu.

Nnaishi Mtopanga, Mombasa, fleti, ghorofa ya nne, nna kijana wa miezi mitatu na nusu. Tangu azaliwe namvisha daipa tu. Juzi nikakaa na mume wangu tukapiga hesabu, kwa siku yuwamaliza daipa sita, tumbo likimsumbua saba, na hapa dukani chini nauziwa moja moja shilingi 22, yaani sita ni 132, mwezi mzima ni karibu 4,000. Pakiti kubwa huwa nafuu kidogo lakini pesa ya pakiti haipatikani kwa mpigo, mume wangu ni wa tuktuk, pesa yake ni ya siku kwa siku. Na huyu ni mtoto wa kwanza, daipa ni za miaka miwili na zaidi.

Sasa shida zangu ni hizi. Maji ya mfereji yatoka mara moja kwa wiki, usiku, na wiki nyengine hayatoki kabisa. Ploti ina kisima lakini maji yake ni ya chumvi, sabuni haitoi povu na nguo zikikauka zasimama zenyewe kama kadibodi. Maji matamu nanunua ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 ni shilingi 25 mpaka mlangoni huku juu. Roshani ni ndogo, beseni moja na kiti kimoja basi pamejaa, na keateka ameshasema hataki kuona nguo za ndani wala vitambaa vya mtoto vyaning'inia upande wa barabarani. Juu ya paa kuna kamba lakini nguo huibiwa, na tena siwezi kumwacha mtoto peke yake nikapanda kuanika. Mashine sina.

Kuna muuzaji amenionyesha zile za vifungo, za rangi rangi, zenye mfuko ndani watia pedi, 650 moja na pedi yake moja. Nikichukua 20 ni 13,000, sina pesa hiyo. Nataka kujua nahitaji ngapi hasa, za aina gani, na harufu nitafanyaje nyumba yenyewe ni chumba na sebule. Na mtoto ana wekundu kwenye mikunjo ya mapaja wiki ya pili sasa, sijui nepi zitamsaidia ama zitamzidisha. Naomba mnisaidie tafadhali.

---

MamaWawili_Tudor

Wa aleikum salam shoga. Mimi niko Tudor, fleti vile vile, ghorofa ya tatu, watoto wawili wote nimewalea kwa nepi za kufua, wa kwanza sasa ana miaka mitano. Yawezekana. Lakini hizo za mfuko 20 usinunue, hata mtu akikupa pesa leo usizinunue zote.

Kwa mtu anayenunua maji, nepi nzuri ni ile ya kizamani ya mraba, ya taulo jembamba au pamba laini, ile pana ya kukunja. Nakwambia kwa nini. Ile ya mfuko pedi yake ni nene, kitambaa kimeshonwa tabaka tatu nne, hiyo yataka maji mengi mpaka sabuni itoke yote, na kwa unyevu wa huku kwetu, hasa mwezi wa tano mvua za masika zikishika, pedi yaweza kukaa siku mbili haijakauka ndani ikaanza kuvunda. Ya mraba ukiikunjua ni kitambaa kimoja tu. Maji yapita, sabuni yatoka, na jua la kaskazi likiwaka masaa mawili matatu ishakauka. Halafu haina saizi, huyo huyo akiwa na mwaka waikunja vingine.

Idadi, anza na 24. Najua zasikika nyingi lakini hesabu na mimi, nepi ya kitambaa haifichi mkojo kama daipa kwa hivyo mtoto wa umri huo wambadilisha kila masaa mawili au matatu, hizo ni nane mpaka kumi kwa siku (mchanga kabisa hata kumi na mbili), ukifua kila baada ya siku moja una kama ishirini kwenye ndoo na nne za kumvisha wakati zile zakauka. Ukiwa na kumi na mbili itabidi ufue kila siku na hapo ndipo watu huchoka wakaacha.

Mimi zangu sikununua nepi za duka. Nilienda Kongowea kwenye mitumba nikachagua mataulo ya kuogea, yale yaliyotumika yakawa mepesi, mazito niliyaacha. Taulo moja 200, latoa miraba miwili ya kama sentimita 60 kwa 60. Mataulo 12 ni 2,400. Fundi akanikatia akanipigia ovaloki pembeni kwa 20 kila moja, hiyo 480. Juu yake nikanunua kava nne, zile za kitambaa chenye plastiki upande wa ndani, 300 kila moja. Jumla ni 4,080. Yaani ni zile pesa zako za daipa za mwezi mmoja. Na si lazima zote siku moja, wewe nunua mataulo manne wiki hii manne wiki ijayo, huku daipa zaendelea kupungua pole pole.

Kava haifuliwi kila ukimbadilisha. Haijaingia choo? Waipangusa kwa kitambaa chenye maji, waianika kivulini, wamvisha nyengine, zapokezana hivyo hivyo. Usiziache juani mchana kutwa, lastiki hulegea na ile plastiki hupasuka. Na usizitie kwenye maji ya moto wala dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Sasa maji, hapa ndipo penye kazi. Usiloweke nepi kwenye ndoo siku mbili. Mie nlifanya hivyo na wa kwanza, nyumba nzima ilikuwa yanuka, na mtoto akianza kutambaa ndoo ya maji sakafuni ni hatari kubwa, mtoto huzama kwenye maji kidogo sana. Nepi chafu ziweke kavu, kwenye kapu au ndoo iliyotobolewa matundu, funika kwa leso nyepesi hewa ipite. Ajabu ni kwamba zikipata hewa hazinuki kama zilizofungiwa. Yenye choo usiitie humo mpaka uisuuze chooni kwanza. Sasa hivi yuwanyonya tu choo chake chayeyuka kwenye maji, akianza uji na ndizi itakuwa ni kukung'uta chooni halafu ndio usuuze.

Siku ya kufua mie nafanya hivi. Maji ya kwanza ni ya kisima, hayo hayo ya chumvi, bila sabuni kabisa, ni ya kutoa mkojo tu. Yakishafanya kazi yamwagwa chooni kwa hivyo hata ya kuflashi umepata. Zikamue sana, kamua mpaka mkono uchoke. Halafu mtungi mmoja wa maji matamu na sabuni ya unga, loweka nusu saa, fua kwa mkono. Mtungi mmoja na nusu wa kusuuza, umeugawa mara mbili. Huo msuuzo wa mwisho maji yake hutoka masafi, yatie kwenye mtungi ufunge, kesho yafaa kudeki au kuflashi. Kwa hivyo maji ya kununua ni mitungi miwili na nusu, tuseme mitatu, kwako wewe ni 75 kila ukifua. Mara 15 kwa mwezi ni 1,125. Tia sabuni 250. Ni 1,375 badala ya karibu 4,000.

Hiyo mikunjo ya mapaja ngoja ajibu mtu wa afya.

---

Nuru_Bamburi

Mimi nitasema yangu kwa sababu sipendi mtu aingie kama nilivyoingia mimi. Nilinunua 12 za mfuko, mtandaoni, nzuri wallahi, picha za wanyama. Mwezi wa kwanza raha. Mwezi wa pili zikaanza kuvuja ubavuni, mtoto akikojoa mkojo wateleza juu ya kitambaa kama maji juu ya jani la jimbi, haunyonywi kabisa, na asubuhi nikifungua ile ya usiku harufu yachoma pua mpaka machozi. Mtoto akaungua makalioni. Nikafua kwa sabuni ya mche, maji ya kisima, na mwisho natia dawa ya kulainisha maana zilikuwa ngumu kama gunia. Nikazidisha kufua na hali ikazidi. Nikarudi kwa daipa na zile nepi ziko kabatini mpaka leo, karibu elfu nane zimelala tu. Kwa hivyo dada kama huna maji matamu ya uhakika mimi naona usianze.

---

MamaWawili_Tudor

Nuru pole sana, elfu nane si mchezo. Lakini usizitupe maana ulivyoeleza hapo jibu limo.

Visima vyetu vya huku vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, sehemu kubwa ya kisiwa na ya pwani hii imekaa juu yake, kwa hivyo maji hayana chumvi tu yana na chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haifanyi povu, yafanya utando, ule mweupe mweupe unaouona ukielea kwenye beseni na kuganda pembeni. Utando ule waingia ndani ya nyuzi wakaa. Kila ukifua waongeza tabaka. Halafu dawa ya kulainisha ni mafuta mafuta, kazi yake ni kuupaka uzi uwe laini, na uzi uliopakwa haunyonyi. Kwa hivyo mkojo wa jana haukutoka na wa leo hauingii. Ile harufu ya kuchoma pua ni mkojo wa zamani uliobaki ndani.

Zitoe kabatini. Toa pedi, kava ziweke kando. Pedi zifue kwa maji matamu ya moto na sabuni ya unga, halafu suuza suuza suuza kwa maji matamu bila sabuni mpaka ukikamua usione povu. Ukipata maji ya mvua ndio mazuri zaidi, hayana chokaa. Yaweza kukuchukua mitungi mitano siku hiyo lakini ni mara moja. Baada ya hapo sabuni ya mche na dawa ya kulainisha zisiguse nepi tena. Na kitu kingine, pedi za wauzaji wengi ni maikrofaiba, hiyo yanyonya haraka lakini ikibanwa hutema, mtoto akikaa kwenye kiti au ukimbeba kwa leso mkojo watoka pembeni. Changanya, maikrofaiba juu na kitambaa cha pamba chini yake. Tena maikrofaiba isikae ngozi kwa ngozi, yakausha ngozi ya mtoto, lazima iwe ndani ya mfuko wake.

---

BibiWaKibokoni

Wanangu, salaam. Nimelea watoto sita hapa Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa, ngazi nyembamba za mbao, maji tukiteka chini kisimani na kupanda nayo. Daipa hatukuwa nazo. Twalimfunga mtoto uwinda, kitambaa kinachopita baina ya miguu, basi. Na vitambaa vyenyewe vilikuwa ni leso. Leso ikipasuka haitupwi, leso ya pamba iliyofuliwa miaka imekuwa laini, na yanyonya kuliko nguo mpya ya duka. Mama Nasri hata hayo mataulo usiyamalize yote, tizama mamako na shangazi zako wana leso gani kuukuu, hawatakunyima. Lakini iwe ya pamba, hizi nyingi za siku hizi zina nailoni, mwagia tone la maji uone, likikaa juu kama shanga hiyo haifai.

Ukinunua kitambaa kipya cha pamba kifue mara tano sita kabla hujamvisha. Kipya kina uwanga na mafuta ya kiwandani, hakinyonyi, na watu wengi hulaumu nepi kumbe haijafuliwa ikaiva.

Kukunja ni hivi. Tandaza mraba, kunja pembe kwa pembe upate pembetatu. Mlaze mtoto, kiuno chake kiwe usawa na ule upande mrefu. Ile ncha ya chini ipitishe baina ya miguu ije mpaka chini ya kitovu, kisha zile mbawa mbili zilete mbele, pini moja katikati. Wako ni mvulana, basi kabla hujaipitisha ile ncha tia kitambaa kingine kidogo kimekunjwa mara nne, ukiweke mbele, kwa sababu mkojo wake waenda mbele. Wa msichana huwekwa katikati kurudi nyuma. Ukipiga pini tia vidole vyako viwili baina ya pini na ngozi, ikichoma ikuchome wewe. Na usimkaze miguu ikanyooka, miguu ya mtoto iachwe imepanuka kama ya chura, nyonga zake zikae vizuri.

Jambo jengine ambalo nyinyi wa sasa mumelisahau, mtoto akiamka tu, kabla hujampa titi, mshike mapaja kwa mikono miwili, mgongo wake kifuani kwako, muelekeze kwenye beseni umpigie shsss. Mara ya kwanza hatafanya, ya pili hatafanya, wiki ikipita atafanya. Nepi mbili tatu kwa siku zitabaki safi, na wewe uliye na maji ya kununua hiyo ni faida. Mchana mlaze juu ya mkeka bila kitu, tandika leso chini, hewa impige.

---

Baba_wa_Mikindani

Mimi ni baba na kwetu nepi nafua mimi, mama watoto yuko shifti ya usiku kwa hivyo asubuhi analala mimi naingia kwa beseni kabla niende kazini. Nitaongea kuhusu maji na kuanika tu.

Kazini kwetu mjini kuna AC tatu ukutani, zile bomba zake zinatiririsha maji nje siku nzima yanapotea tu. Niliomba ruhusa nikaweka mtungi chini, siku ya joto unajaa na unapita. Hayo maji ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi wala chokaa, sabuni ikigusa tu povu limejaa. Si ya kunywa lakini kwa kusuuza nepi hakuna mazuri kuliko hayo. Nabeba mtungi mmoja kila jioni kwenye pikipiki. Mama Nasri kama kuna jirani au duka hapo chini lenye AC ongea nao, wengi wanafurahi maana hayo maji yanawachafulia ukuta. Kipindi cha mvua weka mitungi juu ya paa, zile mvua za mwezi wa nne na wa tano hutanunua maji ya kusuuza kabisa.

Kuanika. Hapo kwa keateka usigombane naye, funga kamba ndani ya roshani usawa wa magoti, chini ya ule ukuta wa roshani, mtu wa barabarani haoni kitu. Na kuna henga ya duara yenye vibanio ishirini hivi, inakunjwa, inatundikwa kwa ndoano moja tu, hiyo inabeba nepi kumi kwa nafasi ya ndoo. Usizipange zikigusana, hewa ipite katikati.

Siku za mvua kamua kawaida, halafu tandaza taulo kubwa kavu sakafuni, panga nepi tatu juu, viringisha kama mkeka, kanyaga kwa miguu. Utashangaa maji yanayotoka. Kisha anika ndani mbele ya feni usiku kucha. Watu wanaogopa stima lakini feni ya kawaida ni kama wati 50, masaa kumi ni kama nusu yuniti. Pasi ndio inakula. Ikibaki unyevu kidogo kwenye pindo asubuhi hapo ndio unapiga pasi, ile ya pamba tu, si kava.

---

Mhudumu_Likoni

Mama Nasri nimesoma hapo kwa wekundu nikaona nisipite. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, si daktari, lakini hii tunaiona kila siku hasa miezi ya joto.

Kuungua kwa mkojo huwa pale kitambaa kinapogusa, makalio na juu ya mapaja, mikunjo yenyewe ndani mara nyingi hubaki salama. Kama wekundu uko NDANI ya mikunjo, umekoza sana, na pembeni kuna vidoa vidogo vidogo vyekundu vimetawanyika kama visiwa, hiyo mara nyingi ni fangasi, na krimu ya kawaida ya makalio haitaitoa hata ukipaka mwezi. Wiki mbili ni nyingi, mpeleke kliniki wamtizame wampe dawa ya fangasi. Angalia na mdomoni kama kuna utando mweupe usiotoka ukipangusa, waambie pia. Kama ni vipele vidogo vya joto shingoni na kiunoni hiyo ni nyengine, hewa na kumwogesha kunatosha.

Usimpake poda. Unga wake mtoto huuvuta kifuani. Na usimpake krimu ya mtu mwengine uliyopewa na jirani, nyengine zina steroidi za nguvu.

Kama ni fangasi, wakati watibu chemsha zile nepi za pamba, maji yatokote kabisa, au mvishe daipa mpaka apone halafu uanze upya. Krimu za makalio na mafuta mazito yakiingia kwenye nepi huziba, kwa hivyo ukipaka weka kitambaa chembamba juu ya nepi, kipande cha fulana kuukuu chatosha, hicho ukifue peke yake. Akitoka malengelenge, usaha au homa ni siku hiyo hiyo hospitali, usingoje.

Na jambo zuri la nepi za kitambaa ambalo daipa haikupi, wajua mtoto amekojoa mara ngapi. Mtoto wa umri wake akilowesha chini ya mara sita kwa siku nzima, hasa joto hili, mnyonyeshe zaidi, na ikiendelea umpeleke wamwone.

---

MamaNasri_Mtopanga

Nimerudi baada ya wiki tatu nilikuwa sitaki kuandika kabla sijafanya.

Kwanza ilikuwa fangasi kweli. Kliniki wamempa dawa, siku tano tu ngozi ikaanza kurudi rangi yake, ila nimeendelea mpaka siku walizoniambia. Shukran sana Mhudumu, ningeendelea kupaka ile krimu mpaka leo.

Nepi nimeanza na mataulo sita, miraba 12, na leso mbili za mamangu nimezikata zikatoa nane, jumla 20. Kava tatu, ya nne bado. Zote hizi nimetumia 2,340 kwa sababu leso sikununua, na ovaloki ya leso nimeshona kwa mkono usiku. Za leso ndizo nnazozipenda zaidi, zakauka upesi kuliko taulo, lakini usiku hazitoshi, nimejaribu leso ndani ya taulo saa nane usiku nikakuta godoro lachuruzika. Kwa hivyo usiku bado namtilia daipa moja, hiyo sijaona aibu nayo, ni 22 kwa siku yaani 660 kwa mwezi. Wiki mbili hizi za mwisho nimeandika kila kitu kwenye daftari, maji nimefua mara saba mitungi mitatu mitatu ni 525, sabuni 120, daipa 14 ni 308. Jumla 953. Wiki mbili za daipa tupu zingekuwa 1,848.

Maji ya AC sijapata, duka la chini hawana, lakini kuna saluni ya ng'ambo ya barabara inayo mbili, yule dada amesema niende na mtungi wangu na nisiuache hapo usiku. Ntajaribu wiki hii.

Kamba ya magoti imefanya kazi. Keateka alikuja akatizama akaniuliza tu hizo ni nini nikamwambia ni leso, akaenda zake.

Bibi, ile ya shsss nilifanya siku nane hakufanya kitu. Siku ya tisa baada ya kuamka alfajiri akakojoa kwenye beseni mpaka babake akaamka kuja kutizama. Sasa asubuhi ni kila siku, mchana bado.

Kitu kimoja ningependa kuuliza, zile za taulo zimeanza kuwa ngumu kidogo pembeni. Ni chokaa ile ya msuuzo wa kwanza wa kisima?

---

MamaWawili_Tudor

Mashallah shoga, nimefurahi. Ndio ni hiyo, hukamui vya kutosha baada ya maji ya kisima kwa hivyo yabaki kwenye pindo, pindo ni nene. Kamua nepi mbili mbili si tano pamoja, na kabla ya kuanika ipige kofi hewani mara tatu nne kwa nguvu ndio uitundike, nyuzi zasimama. Ikikauka isugue kidogo kwa mikono. Zikizidi ngoja mvua, zisuuze zote kwa maji ya mvua mara moja.

---

MamaNasri_Mtopanga

Sawa. Leo mawingu yamefunga upande wa bahari, nimempa mume wangu mitungi mitatu aipandishe juu kabla hajatoka na tuktuk.